Umenyanyua Hilux, sasa inasumbua: soma dalili, fuata chanzo

Gari langu ni Hilux Vigo ya 4x4, dabo kebini, na kazi yake ni kutoa viazi Makete na kurudi na mbolea. Kuanzia Novemba mpaka Aprili barabara za huku juu ni utelezi mtupu. Malori yanachimba mifereji miwili, katikati linabaki tuta, na pikapu ikiingia humo tumbo linakaa juu ya tuta, tairi zinazunguka bure. Hiyo ndiyo sababu nilinyanyua gari. Ndani ya miezi 3 baada ya kunyanyua nilikuwa nimekutana na sehemu kubwa ya matatizo ninayoyaeleza hapa, na mengi yalitoka kwenye kosa moja: nilianza kwa kuchagua urefu. Nilitakiwa kuanza na mzigo, halafu tairi, na urefu uje mwisho, tena uwe ule tu ambao tairi na mzigo vinaudai.

Nazungumzia zaidi Vigo (2005 hadi 2015) na Revo iliyoifuata, maana ndizo zimejaa. Mbele zina koili iliyozunguka shokapu, kila gurudumu na mikono yake miwili, wa juu na wa chini. Nyuma ni ekseli nzima inayobebwa na springi bapa, zile za vyuma vilivyopangwa tabaka kwa tabaka. Ukiwa na Ranger, L200 au D-Max za miaka ya karibuni, mengi yatakufaa vilevile.

Kwanza pima

Usiruhusu fundi aguse spana kabla hujapima. Egesha gari mahali tambarare, tairi ziwe na upepo sawa, usukani umenyooka. Chukua futikamba, weka mwanzo wake katikati kabisa ya kitovu cha gurudumu, panda wima hadi ukingo wa madigadi. Andika namba za pembe zote nne. Usipimie kutoka chini, kwa sababu tairi zikibadilika namba yako inakufa. Ya kutoka kitovuni haidanganyi, na utairudia mara nyingi.

Pili, elewa kwamba kuna urefu wa aina mbili. Springi ndefu zaidi hupandisha bodi na chesi. Difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, haipandi hata milimita moja, kwa kuwa imekaa kwenye ekseli na ekseli imekaa kwenye tairi. Kinachopandisha difu ni tairi kubwa tu. Aliyenyanyua springi inchi 2 akabaki na tairi zilezile bado atakwama difu kwenye tuta lilelile, ila bodi yake itakuwa juu zaidi wakati anakwama. Niliwahi kuwa mtu huyo.

Hesabu ya tairi ni rahisi. Chukua 265/65R17, ambayo Hilux nyingi za rimu 17 zinatoka nayo kiwandani. Namba 265 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia ya upana huo inayokuwa urefu wa ubavu, 17 ni rimu kwa inchi. Ubavu ni milimita 172, ziko mbavu mbili, ongeza rimu ya milimita 432: jumla kimo cha tairi ni 776. Ukienda 265/70R17 unapata 803. Ukienda 285/70R17 unapata 831. Difu inapanda nusu tu ya tofauti: milimita 13 kwa ile ya kwanza, 27 kwa ya pili. Kwa rimu 16, 265/70R16 ni 777, yaani karibu sawa na ya kiwandani, na 265/75R16 ni 804.

Shika namba hizo tatu kichwani, 776, 803 na 831. Zitarudi.

Tairi inasugua

Hii ndiyo dalili ya kwanza kwa wengi, na ndiyo wanayoitibu vibaya, kwa sababu jibu la haraka ni "ongeza urefu". Urefu hautibu msuguano wote. Springi zikijibana kabisa gurudumu linafika palepale lilipokuwa likifika zamani, hata kama gari limenyanyuliwa. Kwa hiyo kabla ya lolote, tafuta linasugua wapi.

Njia yangu: paka tope jepesi au chokaa ndani ya madigadi, pande zote. Endesha taratibu mahali pabovu, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, rudi nyuma ukiwa umekata, kisha pandisha gurudumu moja la mbele juu ya jiwe au tuta. Shuka, piga magoti, angalia na tochi. Palipoguswa pataonekana kama mstari uliofutwa na kung'aa.

Mstari ukiwa nyuma ya gurudumu la mbele, chini karibu na mlango, na unatokea ukikata usukani, chanzo ni kimo cha tairi au rimu iliyotokeza nje. Tairi ya 831 kwenye Hilux inafika hapo, na mara nyingi itabidi plastiki ya ndani ikatwe na ule ukingo wa bati nyuma yake ugongwe ulale. Ya 803 kwa kawaida inapita ukiwa umenyanyua milimita 40 hadi 50, labda plastiki kidogo na kipande cha mpira wa kuzuia tope.

Kabla ya kukata bati, geuza rimu uangalie namba iliyoanza na ET, inayoonyesha rimu imeingia ndani au imetokeza nje kiasi gani. Rimu ya kiwandani ya inchi 17 ina ET30. Rimu nyingi za duka zinazopendwa kwa sababu zinatokeza ni ET0, maana yake gurudumu limesogea nje milimita 30. Gurudumu lililotokeza linachora duara kubwa zaidi ukikata usukani, na ndilo linalofuata bampa na kona ya madigadi. Nimeona gari likikatwa bampa wakati tatizo lilikuwa rimu. Tena ET0 inaongeza mzigo kwenye beringi za gurudumu na kuufanya usukani ukurushe ukigonga jiwe. Chagua rimu iliyo karibu na ET ya kiwandani. Ukishuka kidogo, tuseme ET20, unaishi nayo vizuri.

Mstari ukiwa ndani, kwenye mkono wa juu au kwenye chesi, hali ni kinyume: tairi ni pana na rimu haijatokeza vya kutosha. Hapo ndipo kutokeza kidogo kunasaidia.

Mstari ukiwa juu kabisa, darini, na unaonekana tu ukiwa na mzigo au ukidumbukia shimoni, chanzo ni springi laini kuliko mzigo au zile stopa za mpira zinazozuia gurudumu kupanda zimekwisha. Zibadilishe kwanza. Ni mpira tu, bei yake si ya kukutisha.

Tairi zinalika upande, gari linayumba au kuvuta

Ukinyanyua mbele, mikono ya juu na ya chini inabadili pembe, na gurudumu linafuata. Kuna mambo matatu ya kujua. Kemba ni jinsi gurudumu linavyolala ndani au nje ukilitazama kwa mbele. Too ni jinsi magurudumu mawili yanavyotazamana au kutengana puani. Kasta ni ule mwegemeo wa ekseli ya usukani kuelekea nyuma, unaofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona.

Pitisha kiganja juu ya tairi, kutoka nje kwenda ndani, kisha rudisha. Ikiwa upande mmoja ni laini na kurudi ni kama meno ya msumeno, hiyo ni too. Ikiwa bega la nje limekwisha na la ndani lina kashata (meno ya tairi) nzima, kemba imetoka nje, jambo la kawaida kwa gari la aina hii lililonyanyuliwa bila kupimwa alaimenti, yaani pembe hizi tatu. Ikiwa tairi ni nzuri lakini gari halitulii kwenye lami, unalirekebisha kila dakika, na usukani haurudi baada ya kona, kasta imepungua.

Kwa milimita 40 hadi 50, boliti za kurekebishia kwenye mkono wa chini kwa kawaida zinatosha kurudisha vipimo. Mwambie fundi wa alaimenti akuchapie karatasi ya kabla na ya baada, na asome kasta, asiishie kwenye too. Wengi wanarekebisha too peke yake kwa sababu ndiyo ya haraka. Kama mashine inaonyesha boliti zimefika mwisho na namba bado hazijarudi, umenyanyua kupita uwezo wa mikono ya kiwandani. Una njia mbili: ununue mikono ya juu iliyotengenezwa kwa gari lililonyanyuliwa, au ushushe urefu. Mimi nilishusha, sikujuta.

Hapa niseme neno kuhusu vipande vya chuma au plastiki ngumu vinavyowekwa juu ya shokapu ya mbele ili kupata urefu wa bei nafuu. Kwa kuwa shokapu imeshikwa katikati ya mkono wa chini na si mwishoni, kipande cha milimita 25 kinaleta karibu 50 kwenye gurudumu. Watu wananunua kipande cha 50 wakitaka 50, wanapata karibu 100, boli jointi (kiungo kinachoshika mkono na gurudumu) inafika ukomo na shafti inayozungusha gurudumu inalia. Pima kitovuni baada ya kufunga, usiamini kilichoandikwa kwenye boksi.

Mlio wa ka-ka-ka ukikata kona, au grisi ndani ya rimu

Chutama nyuma ya gurudumu la mbele. Grisi nyeusi iliyorushwa kwenye rimu, mkono wa chini na plastiki inasema mpira unaofunika CV jointi, kiungo cha shafti kinachojipinda, umepasuka. Ukinyanyua sana, shafti za mbele zinalala kwa pembe kali, mikunjo ya ule mpira inasuguana yenyewe kwa yenyewe mpaka inachanika. Grisi ikitoka, vumbi na tope vinaingia, na mlio hautachelewa.

Ukiuona mapema, kabla ya mlio, mpira mpya na grisi mpya vinaokoa jointi. Ukishasikia ka-ka-ka, andaa pesa ya shafti. Lakini ukibadilisha bila kupunguza pembe, utarudi gereji. Rudi kwenye milimita 50 au chini, au fundi ashushe difu ya mbele kidogo kwa vipande vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Mimi napendelea la kwanza, kwa sababu kushusha difu kunakurudishia chini kile ulichokifuata juu.

Gari linatetemeka

Uliza swali moja kwanza: linatetemeka wakati gani?

Likitetemeka unapoondoka, kati ya kusimama na kilomita 30 au 40 kwa saa, hasa likiwa na mzigo au mlimani, kisha likatulia, tazama propela, ile fimbo ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma. Kwenye pikapu ndefu propela ina vipande viwili na katikati kuna senta beringi iliyofungwa kwenye chesi. Ukipandisha chesi, senta beringi inapanda nayo, ekseli inabaki chini, na vipande viwili havilali tena kwa pembe vilivyozaliwa nayo. Tiba ya kawaida ni kushusha senta beringi kwa vipande vya chuma vya milimita kadhaa kati yake na chesi, ujaribu, uongeze au upunguze. Kabla ya hapo lala chini ushike propela, uitikise karibu na kila krosi, kile kiungo chake kinachojipinda. Krosi iliyolegea italeta mtetemo uleule na hakuna kipande kitakachoitibu.

Likitetemeka kuanzia 80 kwenda juu na usukani ukacheza mkononi, anza na balansi. Tairi kubwa za matope ni nzito na zinahitaji risasi nyingi, vile vipande vya uzito vinavyofungwa kwenye rimu. Tope lililokaukia ndani ya rimu linatosha kuharibu balansi yote. Nimewahi kulipia balansi mara mbili kabla ya kijana mmoja wa kuosha magari kunitolea bonge la udongo ndani ya rimu. Osha kwanza, lipa baadaye.

Gari gumu likiwa tupu, au linakaa chini likibeba

Hapa ndipo mzigo unapotawala, na ndipo pesa nyingi zinapotea.

Springi za nyuma zinauzwa kwa uzito zinaoutarajia. Kuna za gari linalotembea tupu muda mwingi, kuna za mzigo wa wastani, na kuna zinazotaka kilo 300 au zaidi ziwepo daima ndipo zikae sawa. Neno la kulisikiliza ni "daima". Nilipoulizwa dukani ninabeba nini, nilijibu kwa kiburi cha mtu wa viazi.

"Nabeba lumbesa, kaka. Nipe ngumu kuliko zote."

"Na ukirudi?"

"Nikirudi nina mifuko michache ya mbolea, au mtupu."

Yule kijana alinitazama, akanishauri za wastani. Sikumsikia. Gunia la lumbesa hupita kilo 100 kirahisi, nikapiga hesabu ya magunia, nikachukua ngumu. Nikiwa nimebeba, gari lilikuwa zuri ajabu. Nikirudi mtupu, kwenye barabara ya vumbi yenye migongo midogo kama bati, nyuma ilikuwa inaruka haigusi chini. Kwenye kona moja mkia ulitoka wenyewe bila breki wala mafuta, ukaniacha nikitazama bondeni. Springi ngumu bila mzigo haijibani, inarusha, na tairi iliyo hewani haishiki kitu.

Niliyorudia ni springi za wastani zenye bapa nene la chini ambalo haligusi gari likiwa tupu. Mzigo ukiingia, zile za juu zinashuka, zinakutana na lile la chini, na hapo ugumu unaanza. Mtu anayekwenda amejaa na kurudi mtupu atafute aina hiyo.

Kuhusu kuongeza bapa moja tu kwenye springi zilizochoka: ni tiba ya bei ya chini na nimeona ikidumu msimu mmoja. Zile kuukuu zinaendelea kulala, jipya linabeba peke yake, na ndilo linalokatika. Mifuko ya hewa kati ya ekseli na chesi nayo inasaidia kunyoosha gari, ila inahamishia mzigo wote sehemu moja katikati ya chesi. Ukijaza mifuko na kuzidisha mzigo nyuma ya ekseli, chesi inaweza kupinda. Mifuko haiongezi hata kilo moja kwenye uwezo wa gari, na springi ngumu haziongezi pia. Uwezo uko kwenye kibati cha gari.

Mbele ni hivyohivyo. Bampa la chuma na winchi yake vinaweza kukaribia kilo 100. Ukiviweka kwenye koili laini pua inainama. Ukinunua koili za bampa la chuma wakati huna bampa, pua inainuka na mbele panakuwa pagumu kama mkokoteni. Amua vitu utakavyofunga kabla ya kununua koili.

Kishindo kimoja kikavu, "tok!", kila gurudumu linapoangukia shimoni si cha springi. Shokapu ni fupi kuliko springi mpya, inafika mwisho wa kunyooka na kuvutwa. Shokapu za kiwandani hazifai kwenye springi zilizopandishwa milimita 50, zinakufa mapema. Nunua seti inayoendana.

Wenye pikapu za torshen ba, yaani Hilux Tiger, D-Max ya kizazi cha kwanza, L200 za kabla ya 2005 na Nissan Hardbody: huko hakuna koili, mbele panapandishwa kwa kukaza boliti ya ile fimbo. Ni bure na kila fundi anaijua. Lakini unachokifanya ni kutumia nafasi ya gurudumu kushuka. Ukikaza sana, mkono unakaa umegusa stopa ya chini muda wote, na kila shimo linakupiga. Kaza kidogo, pima kitovuni pande zote mbili, kisha fanya alaimenti.

Nguvu zimepungua, mafuta yanakwisha, na tochi imekukamata

Rudi kwenye 776 na 831. Tairi ya kwanza ikizunguka mara moja inakwenda mita 2.44, ya pili mita 2.61. Ni kama mtu amerefusha gia zako zote kwa asilimia 7. Kwa injini ya 2KD ya lita 2.5 utaisikia mlimani: pale ulipokuwa unapanda na gia ya tatu, sasa unashuka ya pili. Ongeza na uzito wa tairi yenyewe. Injini ya 1KD ya lita 3.0 inavumilia zaidi. Kwenye 803 tofauti ni asilimia 3 na kitu, na mimi kwa mzigo wangu sikuiona tatizo.

Dashibodi haijui kwamba umebadili tairi. Ikisomeka 50 palepale iliposomeka zamani, na tairi za 831 sasa unakwenda kasi zaidi kwa kilomita 3 na nusu hivi. Kwenye 100 unaongeza 7. Kwenye vibao vya 50 vya barabara kuu hizo kilomita 3 zinatosha kukufanya usimamishwe. Odomita nayo inahesabu pungufu, kwa hiyo kabla ya kulalamikia ulaji wa mafuta, zidisha kilomita zako kwa 1.07. Wengine wanagundua ulaji haujabadilika kama walivyodhani.

Breki zimelegea ukiwa na mzigo

Naomba usiruke sehemu hii. Iringa kuelekea Mikumi kuna mteremko wa Kitonga, na kila anayebeba mzigo kutoka Nyanda za Juu kwenda Dar es Salaam anaushuka.

Hilux nyingi, hasa zisizo na ABS, zina valvu ya breki ya nyuma inayopima mzigo. Lala chini utazame juu ya ekseli ya nyuma: utaona fimbo au springi nyembamba inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye valvu iliyofungwa chesini. Mzigo ukishusha chesi, fimbo inasukuma valvu, na breki za nyuma zinapata nguvu zaidi. Gari likiwa tupu chesi iko juu, valvu inapunguza nguvu ili magurudumu ya nyuma yasifunge.

Sasa umepandisha chesi milimita 50. Valvu inaamini gari ni tupu, hata ukiwa na tani nyuma. Breki za mbele zinafanya kazi ya zote nne, zinachemka mapema, pedali inaanza kuzama. Dalili yake ni hiyo: likiwa tupu breki nzuri, likibeba linasimama mbali na pedi za mbele zinakwisha haraka. Tiba ni kupandisha sehemu ya kufungia fimbo kwenye ekseli kwa kiasi kilekile ulichonyanyua, kwa kibano kinachouzwa au cha kuchomelea vizuri, kisha kujaribu mahali peupe ukiwa mtupu na ukiwa umebeba. Seti nyingi za kunyanyua haziji na kibano hicho. Uliza.

Ukiwa huko chini, gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, tazama mipira ya breki. Ikiwa imekazika kama kamba ya ngoma, ni mifupi. Kata usukani pande zote mbili uangalie tena, pamoja na nyaya za ABS na kile kimpira cha kupumulia difu. Mpira wa breki hauvumilii kuvutwa.

Milio ya kukwaruza, na gari lililokaa upande

"Kwii, kwii" kila ukipita tuta, wiki chache baada ya kufunga springi mpya, ni bushi, ule mpira wa kwenye viungo vya springi, na mara nyingi kosa ni la siku ya kufunga. Fundi anainua gari, anafunga, anakaza boliti zote magurudumu yakiwa hewani, anashusha. Bushi imekazwa ikiwa imenyooka, gari linaposhuka inajisokota na kubaki imesokoteka maisha yake yote, mpaka inachanika. Boliti za bushi zikazwe mwisho magurudumu yakiwa chini na gari limebeba uzito wake. Kama zako zilikazwa hewani, legeza, tikisa gari, kaza upya. Ukiwahi, mlio unaisha bila kununua kitu.

Yuboliti za nyuma, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, zirudiwe kukazwa baada ya kilomita 500, tena baada ya 1,000. Springi mpya zinajikandamiza, yuboliti inalegea, na boliti ya kati inayoshika springi isikimbie kwenye ekseli inabaki peke yake. Ikikatika, ekseli inasogea na gari linatembea kama kaa.

Likiinama upande mmoja kwa milimita 5 au 10, kagua kwanza kama koili za kulia na kushoto hazikupishana upande: seti nyingine zina urefu tofauti kwa upande wa dereva. Na taa zipimwe upya, hasa kama pua imepanda kuliko nyuma, maana utakuwa unawamulika wenzako machoni kila usiku.

Nilichokiacha kwenye gari langu

Milimita 40 mbele, 50 nyuma, springi za wastani zenye bapa la mzigo, tairi 265/70R17 za ol tereni, rimu za kiwandani. Anayeingia matopeni kila siku na kubeba kidogo anaweza kwenda 285/70R17 na kukubali kukata plastiki na kupoteza nguvu mlimani. Anayebeba tani ya Hilux kwenye lami abaki na 776, aweke pesa kwenye springi na shokapu.

Kwenye tairi soma namba mbili zaidi. Uwezo wa mzigo: 112 ni kilo 1,120 kwa kila tairi, 121 ni kilo 1,450, usishuke chini ya ile ya kiwandani kwa sababu tu tairi ni pana. Na tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mitumba zinakuja na kashata nzuri na umri wa kutisha, na ubavu uliokauka hupasuka ukiwa umebeba.

Nunua tano. Spea ya kimo kingine ukiiweka upande mmoja nyuma inailazimisha difu kufanya kazi muda wote hata kwenye mstari ulionyooka, na ukiwa kwenye 4x4 ekseli ya mbele na ya nyuma zinavutana mpaka kitu kikatike. Pima pia nafasi ya spea chini ya bodi kabla ya kulipa: ya 831 inaingia kwa kubanana, na ikigusa propela au bomba la moshi itabidi ihamie juu, ikachukue nafasi ya gunia moja.